Mbio, Pua na Goti Langu

Daktari wa mbwa alimfunua jike langu mdomo, akamtazama meno, akampapasa tumbo, kisha akasema amebakiwa na uzazi mmoja tu. Zaidi ya hapo ni kumtesa. Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mgeni habari ya msiba. Mimi nilikuwa nimeegemea meza yake, uzito wote mguu wa kushoto kwa sababu goti la kulia lilikuwa limevimba, nikawa nawaza: haya, na mimi nimebakiwa na nini?

Habari yenyewe ndiyo hiyo. Uzazi mmoja, dume mmoja, na mchaguzi ni mimi. Nikichagua vibaya, damu ya yule mbwa inaishia kwa watoto wasiofaa kazi, na mimi sina tena miguu wala moyo wa kuanza na mwingine.

Nieleze kidogo, maana Watanzania wenzangu huwa hawanielewi. Mbwa ninaofuga ni machotara wa kuwinda. Waingereza huwaita lurcher. Unachukua mbwa wa mashindano ya mbio, yule mwembamba mwenye kifua kirefu, unamchanganya na mbwa wa kazi: wa kuchunga kondoo, au mwenye taya nene, au yule mfupi wa kuingia mashimoni. Unachotafuta ni mbio za yule na akili za huyu ndani ya ngozi moja. Ukipatia, una mbwa anayemkamata sungura na kukuletea mkononi akiwa hajatafunwa. Ukikosea, una mbwa mwenye akili za yule wa mbio na mbio za yule wa akili. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Wanalala kwenye makochi ya watu.

Mimi sikusoma. Shule niliiacha darasa la tano huko Singida, na sikuiacha kwa sababu ya kufukuzwa, niliiacha kwa sababu nilikuwa na haraka. Nilifika London na begi moja na sweta la kuazima. Nikasugua vyoo Lewisham, nikasugua ngazi, nikasugua zile ofisi za vioo za Croydon tangu chini hadi juu, na leo nina kampuni yangu mwenyewe ya usafi, magari yana jina langu ubavuni, na wako watu wenye digrii wanaoniomba ruhusa ya kwenda likizo. Sijisifu. Nasema kilichopo.

Nimechoka pia. Hilo nalo ni kilichopo. Uchovu wa kuamka kabla ya treni ya kwanza, mwaka hadi mwaka, hauondoki siku unapopata watu wa kuamka kwa niaba yako. Unahamia kwenye magoti.

Mbwa ndio walikuwa mapumziko yangu. Kwenye harusi na misiba ya Watanzania nilishazoea kuchekwa. "Mwenzako anajenga Mbezi, wewe unajenga banda la mbwa," aliwahi kuniambia mmoja, sahani ya pilau mkononi. Nikamjibu kwamba nimejenga vyote viwili, na la mbwa lina dirisha zuri kuliko la chumba chake. Watu walicheka sana. Yeye hakucheka.

Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda Kent, kwenye shamba la shayiri la mzee mmoja wa Kiingereza. Sungura walikuwa wanamla mzima mzima, wakichimba mashimo pembeni mwa shamba kama vile wamelipanga. Alinipa ruhusa ya kuwawinda kwa sharti moja, nisiwasumbue kondoo wake. Nilikuwa nakwenda na Mkongo mmoja kutoka Bukavu, msimamizi wangu wa kazi pale Croydon. Yeye ndiye aliyekuwa anapiga vichaka kwa fimbo ili sungura watoke, na yeye ndiye aliyekuwa anakula sungura. Mke wangu hataki hata kuwaona, anasema wana macho ya watoto.

Jike langu alikuwa mashuhuri. Robo tatu ya damu yake ilikuwa ya mashindano, robo iliyobaki ya mbwa wa kuchunga kondoo. Akitoka mkononi ulikuwa humwoni, unaona nyasi zinafunguka. Habweki, hang'ati ovyo, anakuja na sungura hadi kwenye kiganja. Nilimfundisha mwenyewe, kwa Kiswahili, na kwa mkono. Marehemu baba yangu alikuwa hivyo hivyo na mbwa wake kule kwetu. Alikuwa hapigi mluzi wala kuita. Anasimama, anainua mkono wenye fimbo juu kabisa, na mbwa alipo, hata kama ni kinukta tu kule kwenye vumbi, anauona ule mkono na kurudi. Kwetu ni tambarare. Nyasi fupi, miti imeachana, mtu aliyesimama anaonekana tangu mbali. Nilipopata mbwa wa kwanza Uingereza sikujiuliza mara mbili. Nikamfundisha mkono. Na watu wa mbwa wa hapa walipokuwa wanapuliza vifilimbi vyao mpaka mashavu yanawaiva, mimi nilikuwa nasimama kimya nainua mkono, na jike langu anakuja kama kamba imevutwa. Walikuwa wananitazama. Nilikuwa napenda kutazamwa.

Basi, dume.

Kila mtu alijua nitakwenda wapi. Kulikuwa na dume mmoja Essex, mweusi, anang'aa kama kiatu cha harusi, baba wa washindi. Nilikwenda kumtazama pamoja na yule Mkongo wangu. Mwenye mbwa alimtembeza mbele yetu uani, huku na huko, kama mtu anayeonyesha kitambaa. Mimi nilipapasa mapaja, nikatazama mabega, nikainua nyayo. Kasoro sikuiona.

"Iko muzuri," Mkongo akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini muulize, imeshakamata nini?"

Nikauliza. Mwenye mbwa akasema dume wake hajawahi kuwinda, ana kazi ya kukimbia tu, na hana haja ya kuwinda, damu inajieleza.

"Umesikia?" Mkongo akasema. "Mukubwa, wewe unatafuta imbwa ama unatafuta jina?"

Nilimwambia anyamaze, mambo ya mbwa aniachie mimi. Nikampa mwenye dume mkono. Nikamwahidi kwamba jike akipata joto nitampigia simu, nimlete apandwe.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye foleni, Mkongo akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema amemkumbuka mbwa wa yule mzee wa Kent. Na mimi nikacheka, maana kwa kweli yule mbwa alikuwa wa kuchekwa. Manyoya ya kahawia yaliyosokotana, sikio moja limesimama na moja limelala, miguu ya mbele inatazamana. Mzee mwenyewe ukimuuliza ni mbwa wa aina gani, alikuwa anajibu: "Nusu wa kondoo, nusu wa mbio, na nusu ya jirani."

"Mungu anisamehe," Mkongo akasema, "ile haiko imbwa. Ile ni kitambara ya kusukula nayo chini."

Watu wa usafi tukicheka kitambaa cha deki, tumecheka kweli.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya baridi, upepo mkavu. Mkongo nilimtuma upande wa pili wa kichaka na fimbo yake. Mimi nikabaki upande huu na jike. Sungura mmoja alitoka, mnene, akakata kushoto, akapenya kwenye ua wa miti ulio kati ya shamba na shamba. Jike akapenya nyuma yake. Nikasikia matawi, kisha kimya. Nikajua amevuka, na ng'ambo ile kuna malisho ya kondoo.

Nikakimbia. Mtu wa umri wangu, goti kama langu, nikakimbia. Nilipenya kwenye uwazi wa ule ua, nikatua kwenye mtaro nisiouona kwa majani, na goti likageuka. Sikupiga kelele. Nilikaa, kisha nikaona kukaa nako kunauma, nikalala chali kwenye majani yenye maji.

Simu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Ningempigia nani, nimwambie nini? Kwamba tajiri wa magari yenye jina ubavuni yuko mtaroni?

Nikageuza kichwa, nikamwona jike langu. Hakuwa amewagusa kondoo. Alikuwa juu ya kilima kidogo, sungura mdomoni, kichwa juu, ananitafuta. Alikuwa amefanya kazi yake yote vizuri, imebaki kuniletea tu. Nikainua mkono. Lakini mkono wa mtu aliyelala mtaroni hauendi popote. Alitazama kule nilikokuwa nimesimama mwanzo, akatazama kwenye ua, akatazama mbali. Nikamwita, "Njoo! Njoo hapa!" Akageuza masikio, akaja mbio, nikasema afadhali. Akapita. Alipita karibu nami kiasi cha kuiona damu kwenye kucha zake, akasimama mbele kidogo, akanyoosha shingo, akaanza tena kutazama mbali.

Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Mbwa yeyote mwenye pua angenijua. Yeye alikuwa anatafuta mtu aliyesimama. Ndivyo nilivyomfundisha, na ndivyo damu yake ilivyomtengeneza: macho na miguu, basi. Robo ile ya kondoo ilikuwa imezama. Kule kwetu ingetosha. Huku kila unapogeuka kuna ua, na nyuma ya kila ua kuna mtaro. Nilikuwa nimemfundisha mbwa wa Kent kufanya kazi Singida.

Akaondoka na sungura wake, anachechemea, anazunguka shamba zima kunitafuta. Nimeona mengi mabaya katika maisha. Lile lilinichosha kuliko mengi.

Aliyenifikia alikuwa kitambaa cha deki. Mzee alikuwa amemwona jike langu peke yake na sungura mdomoni, akajua kuna jambo, akamwambia mbwa wake atafute. Nilimsikia kabla sijamwona, anahema na kunusa. Alikuwa hakimbii. Anakuja chini chini, anapoteza njia, anarudi nyuma, anaipata, kama mtu anayetafuta funguo kwenye zulia. Akatokea kwenye ukingo wa mtaro, lile sikio moja limesimama, akanitazama, akabweka mara moja tu kumjulisha mzee. Halafu akakaa.

"Hapo chini kuna raha?" mzee akauliza alipofika.

"Naangalia mashimo ya sungura," nikamjibu.

"Naona," akasema. "Yanaonekanaje?"

Ilibidi Mkongo aitwe, wakanishika huku na huku. Njiani kuelekea kwenye gari, jike langu alituona sasa tumesimama, akaja mbio kwa furaha yote, akaniwekea sungura kwenye kiganja.

"Mukubwa," Mkongo akasema, mkono wangu shingoni mwake, "leo kitambara imekuokota mu mutaro." Nilimwambia akirudia neno hilo Croydon nitamhamishia kwenye vyoo. Akasema atarudia hata kanisani.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani, mguu juu ya kiti. Binti yangu ndiye aliyekuwa anawahudumia mbwa kabla ya kwenda kazini. Huyu amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini mimi nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, tangu utotoni, na nilishaacha kugombana naye. Ila na mbwa anasema Kiswahili, kwa sababu hawajui kingine. Kupitia dirishani nilikuwa namsikia: "Kaa. Kaa chini, we! Toka hapo. Haya, kula." Kwa lafudhi ya London, lakini Kiswahili. Nilikuwa nazima televisheni ili nisikie.

Siku moja alikuja akasimama mlangoni, mikono inanuka nyama, akaniambia kwa Kiingereza chake:

"Baba, jike ameingia kwenye joto. Nimpigie yule wa Essex?"

"Ngoja."

"Au basi, Baba. Goti lako litakatwa na kuwekwa chuma. Si lazima kuwe na mbwa mwingine. Unaweza kupumzika."

"Nikipumzika nitafanya nini?"

Akanitazama. "Upumzike," akasema.

Nilikaa na neno hilo jioni nzima. Mke wangu aliniwekea chai ikapoa. Ukweli ni kwamba yule mweusi wa Essex nilikuwa namtaka bado. Nilikuwa nawaona watoto wake tayari, weusi, wanang'aa, na watu wa mbwa wameacha filimbi zao wanatazama. Lakini mbio zaidi juu ya mbio ni mbwa wa kijana. Mbwa wa namna hiyo anahitaji mtu wa kumfuata, wa kuvuka ua, wa kusimama juu ya kilima na mkono hewani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kumchagua kitambaa cha deki kulikuwa ni kusema mbele ya watu kwamba si mimi tena.

Nikampigia yule wa Essex mwenyewe. Sikutaka binti anisemee.

"Siji," nikamwambia. "Nimepata dume mwingine."

"Wa nani? Mshindi?"

"Wa shamba. Ana sikio moja limelala."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe! Wewe niliyedhani unajua mbwa!"

"Najua," nikasema. "Wako anajua kukimbia kutoka hapa hadi pale. Wangu nataka ajue nilipo." Nikakata simu. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana, kisha nikachoka tena.

Mzee wa Kent hakucheka. Alisema mbwa wake hajawahi kuombwa na mtu, na siku tulipomleta jike alimchana manyoya, ikawa kama kumchana ufagio. Jike langu alimkataa mwanzoni, akamwonyesha meno. Halafu akakubali. Binti yangu alikuwa ameendesha gari kutuleta, akasimama mbali akitazama simu yake, na Mkongo alikuwa anasema kwa sauti kwamba hii ndiyo arusi ya kwanza aliyoalikwa ambayo bwana arusi hakuoga.

Watoto walizaliwa salama. Wengi wao walikwenda kwa watu niliowaamini, nami nikabaki na majike wawili. Mmoja alikuwa mama yake kabisa: mwembamba, rangi ya majivu, miguu mirefu kama ya swala. Wa pili alikuwa wa kahawia, manyoya magumu, masikio yote mawili yamelala, ashukuriwe Mungu. Kubaki na wote nisingeweza. Mkongo alisema nimchukue wa kahawia, mke wangu alisema nisichukue hata mmoja. Mimi macho yangu yalikuwa kwa yule wa majivu. Ningedanganya nikisema vinginevyo. Dume nilikuwa nimemchagua kwa akili, na bado moyo ulikuwa unakwenda kwenye miguu mirefu.

Walipokomaa kidogo, goti likiwa limeshawekwa chuma na mimi natembea na fimbo, nilimwambia binti yangu anipeleke shamba. Nilikwenda mwenyewe, taratibu, hadi upande wa pili wa ule ua, siyo mtaroni, pembeni yake kwenye nyasi kavu. Nikalala chali. Nilikuwa nimemwambia binti awaachie mmoja mmoja, na kwamba nikishalala sitaongea.

Wa majivu alikuja kwanza. Alipenya kwenye ua kama mshale, nikamwona akiruka juu ya nyasi, na nakwambia alikuwa mzuri kuliko mama yake. Alizunguka shamba lote. Kila mara anasimama, kichwa juu, anatazama mbali. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unataka kuinuka wenyewe. Niliulalia. Akazunguka tena, akachoka, akarudi kwa binti yangu. Nikasikia anaambiwa, "Umekosa. Basi, njoo. Kaa."

Kisha: "Haya, wewe sasa. Tafuta! Mtafute Baba!"

Nikangoja. Wingu lilipita. Nilianza kufikiri kwamba ameenda kwa kondoo, na kwamba nitamwambia mke wangu ameshinda. Halafu nikasikia kuhema na kunusa, chini chini. Kukapotea. Kukarudi upande mwingine. Pua yenye maji ikanigusa sikio, kisha shingo, na yule wa kahawia akapanda kifuani kwangu na miguu yake yote yenye matope, akatulia pale, mzito.

"Umechelewa," nikamwambia.

Binti yangu alikuwa anakuja kwa upande wa ua, namsikia akipambana na miba. "Amekupata?" akaita. "Baba? Uko wapi?"

Aliuliza kwa Kiswahili. Sidhani kama mwenyewe alijua. Mbwa alikuwa kifuani, nyasi zilikuwa kavu, na sikuwa na haraka tena ya kusimama nionekane.